Ayi bu dong

Chini ya insha ya mwanangu mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu herufi tatu: liu, shui, zhang. Moja moja nilizijua, ila zikiwa pamoja sikuelewa zinasema nini. Nikampa mume wangu, ambaye Kichina chake ni cha sokoni wakati changu ni cha darasani, naye akacheka mpaka akatua kikombe.

"Mwalimu anasema mwanao kaandika daftari la duka."

Hesabu za maji yanayotiririka: ndivyo Wachina wanavyoliita lile daftari la mfanyabiashara la kila siku, hiki kimeingia, hiki kimetoka, mstari juu ya mstari. Na kweli bwana. Mada ilikuwa "Siku ile tulicheza kwa raha kweli", na mwanangu alikuwa ameandika: niliamka, nikapiga mswaki, nikanywa maziwa, tukapanda basi, tukafika bustanini, tukacheza, tukala, tukarudi, nilifurahi sana. Hayo "tukacheza" ndiyo mada yenyewe, na ameyamaliza kwa neno moja.

Ilikuwa muhula wa kwanza wa darasa la tatu, mwaka 2021, hapa Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, kazi yake kukusanya mizigo ya wateja wa kwetu na kuipakia kontena. Mimi ni wa Tanga, nilikuja kusoma chuo Jinhua, nikaolewa, nikakaa. Mtoto tulimwingiza shule ya Kichina ya serikali kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na ndiyo tuliyoimudu. Hatukujua insha itatukalisha mezani namna hii.

Kwa wasioujua utaratibu: darasa la kwanza na la pili watoto hawaandiki insha. Wanaandika kinachoitwa xiehua, yaani kuyatia maneno ya mdomo wao kwenye karatasi, sentensi mbili tatu juu ya picha. Darasa la tatu ndipo xizuo inapoanza, insha hasa, na kitabu cha kiada kina nane kila muhula, 16 kwa mwaka. Daftari lake ni la miraba. Kila herufi ina mraba wake, nukta na mkato nazo zina miraba yao, aya inaanza baada ya kuruka miraba miwili, na mkato hauruhusiwi kufungua mstari. Mwalimu akitaka herufi mia tatu hahesabu, anatazama miraba tu. Shida yake ni moja. Mtoto akikumbuka neno baada ya kumaliza, hakuna pa kulichomeka, maana likiingia moja yote yanayofuata yanasogea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfundisha kama nilivyofundishwa. Sisi Tanga insha ilikuwa na mlango mmoja: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua likiwaka na ndege wakiimba." Mume wangu naye ni zao la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, mpaka leo ukimgusa anakutolea bila kupumua "Jogoo la kwanza liliwika". Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini jogoo bado yu hai nyumbani kwangu. Basi nikagundua Wachina nao wana jogoo wao. Anaitwa wan li wu yun, anga lisilo na wingu hata uende li elfu kumi (li ni kipimo cha umbali cha Kichina). Shuleni wanahimizwa kuwa na daftari la haoci haoju, maneno mazuri na sentensi nzuri, wanayonakili kutoka vitabuni. Nikafurahi, nikasema hapa ndipo penyewe! Tukalijaza daftari. Tukakariri chengyu, zile semi za herufi nne nne, moja kila asubuhi akivaa viatu.

Matokeo yake akaandika insha kuhusu bustani yenye chengyu kumi na moja, nami nikaisoma kwa fahari. Sasa, mwalimu wa hapa akipenda sentensi huichorea chini mstari wa mawimbi, na watoto huyahesabu mawimbi hayo kama sisi tulivyohesabu vema. Ile insha ilirudi bila wimbi hata moja.

Iliyonizindua zaidi ni nyingine, kuhusu mama. Mwanangu aliandika kwamba usiku wa manane alishikwa na homa, nje mvua ya kumwaga, mama akambeba mgongoni akakimbia naye hospitali, na machozi ya mama yakachanganyika na maji ya mvua. Nikamuuliza, lini?

"Haikutokea," akasema, wala hakuona haya. "Lakini darasani kila mtu mama yake alimbeba mvuani."

Baadaye nilikuja kujua kwamba walimu wa Kichina wenyewe wanalifanyia mzaha jambo hili. Utadhani watoto wa nchi nzima wana mama mmoja, na mama huyo hana mwavuli. Kuna na ajuza ambaye kila siku anavushwa barabara na mwanafunzi, akishavushwa skafu nyekundu ya mwanafunzi inazidi kung'aa kifuani.

Nikamwambia, haya, ile homa ya kweli mimi nilifanya nini? Akafikiri. "Hukunibeba mgongoni. Ulinipakata kwenye teksi. Ulikuwa umevaa kandambili moja yako na moja ya baba. Ulikuwa unamwambia dereva 'haraka baba, haraka' kwa Kiswahili, naye anajibu 'hao, hao', sawa sawa, kama anaelewa."

Nilinyamaza. Kandambili zile mimi mwenyewe sikuwa nazikumbuka. Akaandika hayo, Kiswahili cha kwenye teksi akakiandika kwa herufi za Kichina zinazokaribiana sauti, ha-la-ka ba-ba, na insha ikarudi na mawimbi matatu.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, serikali ya China ilikuwa imetoa sera inayoitwa shuangjian, kupunguza mizigo miwili, wa kazi za nyumbani na wa tuisheni. Tuisheni za wikiendi za masomo ya shule zikafungwa. Wengine walishusha pumzi, wengine wakachanganyikiwa. Katika jengo letu mama mmoja wa waliochanganyikiwa akanibishia hodi akiwa na mwanawe, kijana wa darasa moja na wangu ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota. Nitamwita Kibogoyo, maana ndivyo tulivyomwita na jina akalipenda. Mama yake alikuwa ameona ile insha ya teksi kwenye kundi la WeChat la darasa, mwalimu aliituma.

Nikamwambia, dada yangu, mimi Mswahili nimfundishe Mchina Kichina? Akasema usimfundishe, kaa naye tu kama unavyokaa na wako. Wiki iliyofuata akaja na binti wa ghorofa ya juu, akawa wa tatu. Fedha sikuchukua. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi nakuta mfuko wa machungwa.

Wale wawili Kichina chao kilinizidi mbali. Na shuleni walishapewa fundisho linalotokana na Qiao Ji, mtunzi wa enzi ya Yuan: mwanzo uwe kichwa cha feniksi, kati tumbo la nguruwe, mwisho mkia wa chui. (Kwetu lile tumbo tulilibadilisha likawa la ng'ombe.) Vichwa walikuwa navyo, na mikia pia. Matumbo ndiyo yalikuwa matupu. Sikujua nianzie wapi mpaka ilipofika sikukuu ya Duanwu, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao, watu wanapofunga zongzi, wali wa kunata kwenye majani ya mianzi.

Binti akawa ameandika jinsi nyanya yake anavyofunga. Sentensi ilikuwa moja: unachukua jani, unatia mchele, unafunga kwa uzi. Nikasema vizuri, twende jikoni, nisomee. Nikachukua jani likiwa limenyooka kama lilivyo, nikatia mchele juu yake, nikazungusha uzi. Mchele wote sakafuni. Watoto wakapiga kelele.

"Ayi, siyo hivyo!" Ayi ni mama mdogo, ndivyo watoto wanavyomwita mwanamke yeyote wa umri wa mama.

"Umeandika hivyo."

"Kwanza unalikunja!"

"Umeandika wapi?"

Akaandika: unakunja jani. Nikalikunja mara mbili kama barua. Sasa Kibogoyo akawa amelala chini kwa kicheko. Binti akaninyang'anya jani, akalizungusha likawa pembe, kitu hasa kama kikaratasi cha muuza karanga wa kwetu, akasema unaziba kitundu cha chini kwa kidole. Nikamwambia andika kidole. Akaandika kidole. Akaandika na mchele unavyopigwapigwa ushuke, na tende nyekundu inavyozikwa katikati ili mlaji aikute bila kutarajia, na nyanya anavyoushika uzi kwa meno kwa sababu mikono yote miwili imeshika jani. Hayo meno ndiyo yaliyonimaliza. Nyanya yule mimi sijamwona, lakini nilimwona.

Tangu siku ile nyumbani kwangu ukawa mchezo. Ayi bu dong, Ayi haelewi. Nilikuwa nao hawa watoto muda mrefu nikijaribu kuwa mwalimu, kumbe walichokosa ni mtu asiyejua. Mwalimu wao anazijua zongzi, anaijua bustani, ameshasoma insha arobaini kuhusu bustani hiyohiyo. Mtoto wa miaka tisa si mjinga, anaona wazi kwamba hakuna wa kumweleza, basi anaorodhesha. Mimi nilikuwa mgeni kwelikweli. Nusu ya maswali yangu hayakuwa mbinu, nilikuwa sielewi.

Ugeni huohuo ulitutia aibu pia. Mwanangu alikuwa akifikiri kwa lugha mbili na siku nyingine zinagongana. Kwa Kichina simu inapigwa, da dianhua, kama kwetu. Chafya inapigwa. Miayo inapigwa. Ngoma inapigwa. Mtoto akaona basi njia ni nyeupe, akaandika kwamba asubuhi "alipiga mswaki" kwa da ileile, na baba "alipiga pasi" shati. Mwalimu akachora duara na kuuliza mswaki ulikosa nini. Tukakaa chini tukaorodhesha vinavyopigwa na visivyopigwa, ikawa moja ya jioni nzuri nilizowahi kuwa nazo na mtoto huyu.

Darasa la nne wanapewa mada ya kuifanya familia yako bustani ya wanyama, umfananishe kila mmoja na mnyama. Ukimwambia Mswahili baba yako ni mnyama gani umemtukana, nilianza kukataa. Mwanangu akaniambia tulia Mama, ni kazi ya shule. Baba akawa simba, tukavumilia. Mimi nikawa kuku mwenye vifaranga. Bibi yake wa Tanga akawa kobe. Duara jekundu likaja. Kwa Wachina kobe ana matusi yake, na mwalimu aliandika kwa upole, je, bibi hatachukia? Nikamwambia mwanangu, mwalimu naye hapa ni Ayi, haelewi, mweleze. Akaongeza aya nzima: kwamba kwenye hadithi za bibi wanyama wakubwa hukimbia, hupayuka na huaibika, na kobe hufika, kwamba bibi akitoka kwenda sokoni hutangulia kuondoka saa nzima kabla ya wenzake na hapendi kuharakishwa. Mwalimu akaisoma darasani.

Sitaki mtu adhani kila kitu kilikwenda hivyo. Yule binti alikuwa mkimya, na kuna siku maswali yangu yalimgeukia yakawa ya polisi. Kama nini? Harufu gani? Mkono upi? Akaweka kalamu chini, machozi yakamtoka, nami ndipo nikaona kwamba nilikuwa nachimba kisima ambacho maji yake yanatoka yenyewe ukikiacha. Tangu hapo yeye alikuwa anachora kwanza, anakaa na mchoro wake pembeni, halafu anaandika, na aliandika vizuri kuliko wale wawili. Na kuna siku nilijitia ujuzi wa sarufi. Kichina kina de tatu zinazotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Nikamsahihisha Kibogoyo mbili, zote nikazikosea, akaenda kukatwa alama kwa makosa ya Ayi. Mama yake aliniambia akitabasamu na mkononi ana machungwa. Kalamu nyekundu niliitia kabatini siku hiyo na haijatoka. Alama zake kwa jumla wala hazikupaa sana, mtihanini saa inakimbia na hakuna wa kumwaga mchele.

Kilichobadilika ni vitenzi. Siku moja niliandika juu ya karatasi "kubeba" nikawaambia wanipe Kichina chake. Wakamwaga: na ni kuchukua tu, zhua ni kukamata, nie ni kubana kwa ncha za vidole, duan ni kubeba kitu sawasawa kama bakuli la supu lisimwagike, peng ni kwa viganja viwili, lin ni kuning'iniza mkononi, kang ni begani, bei ni mgongoni. Nikawapa zangu: jitwika, eleka, pakata, kumbatia. Pakata iliwapendeza sana, wao inabidi waseme bao halafu wataje mapaja. Kibogoyo akasema bado tiao, ile ya babu yake.

Hapa lazima nieleze kitu. Babu mzaa baba kwa Kichina anaitwa yeye, kama lilivyo. Miezi ya mwanzo mwanangu akiniambia "yeye anakuita" nilikuwa nauliza yeye nani, naye anajibu yeye, tukizunguka hivyo mpaka babu mwenyewe anakohoa mlangoni.

Yeye huyu ujanani alikuwa mchuuzi wa kutembea. Kabla ya soko la bidhaa ndogo kufunguliwa mwaka 1982, Yiwu ilijulikana kwa umaskini na sukari. Wakulima walipika sukari guru, majira ya baridi wakaibeba vijijini wakipigapiga kijingoma cha mkononi, wakabadilishana na manyoya ya kuku. Manyoya mabovu yalikwenda shambani kuwa mbolea, mazuri yakawa ya kutengenezea vifutia vumbi. Mzigo ulibebwa kwa mti begani, kikapu huku na kikapu huku. Hiyo ndiyo tiao. Nikamchorea Yeye wachota maji wa kwetu na madebe yao mawili, nikamwambia huu tunauita mzega. Akajipiga paja kwa furaha, akalirudia: mu-ze-ga.

Mwezi Desemba akawachukua wote watatu Yiting, humuhumu Yiwu, ambako sukari bado inapikwa. Nami nikaenda. Harufu niliitambua kabla hatujashuka garini. Masufuria makubwa yamepangwa safu moja juu ya moto, maji ya miwa yanachotwa kwa upawa kutoka moja kwenda jingine, povu linaenguliwa, rangi inakolea, mwisho uji mzito unamwagwa kwenye sinia pana la mbao na kukorogwa mpaka unageuka chenga. Binti alichora. Mwanangu alikula. Kibogoyo alimtazama Yeye.

Insha yake aliileta kwangu jioni moja, na Yeye akaja naye, akaketi, akataka asomewe kwa kuwa miwani kaiacha. Kibogoyo akasoma. Palikuwa na kijingoma, palikuwa na baridi ya alfajiri, palikuwa na mbwa wa kijiji fulani ambao walimjua mchuuzi kwa hatua zake. Akafika aliposema: Yeye alipochoka aliutua mzigo chini, akapumzika, akaendelea.

"Hapana," Yeye akasema.

Kibogoyo akainua kichwa.

"Ukiutua kila ukichoka hufiki. Unabadilisha bega huku unatembea." Akasimama. Akainamisha shingo kidogo, mkono mmoja ukashika mti ambao haupo, akauzungusha nyuma ya kichwa mpaka bega la pili, na miguu yake haikusimama, ilivuka sebule yangu kutoka kochi mpaka mlangoni. "Vikapu visiyumbe. Vikiyumba vinakuangusha."

Kibogoyo akaitazama karatasi. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Ayi, hapa pana miraba tisa tu. Haya hayaenei."

Nikamwambia sielewi mambo ya miraba.

Akashusha pumzi ya kizee, akachana ukurasa, akafungua mwingine, akaruka miraba miwili. "Yeye," akasema, "rudia ile ya shingo. Polepole."

Babu akarudi kwenye kochi, akaanza tena kutembea.